Mjomba Sahani

Tarehe 20 Februari
Leo natimiza mwaka na mwezi mmoja tangu nitoke nyumbani.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti liwe limepungua kuuma. Wadogo zangu wasalimie wote, na huyo wa mwisho anayekusomea mwambie asome polepole, asiruke mistari. Mimi sijambo, ila mgongo, na mikono imeliwa na saruji. Lakini leo nina furaha, naandika mbiombio, kwa hiyo univumilie mwandiko.

Nilikuambia kwamba tunajenga madarasa katika shule ya msingi ya Wakatoliki. Sikukuambia kilichonipata wiki ya kwanza. Saa sita kengele ililia. Nikajua chakula tayari, nikatupa mwiko wa saruji, nikachukua sahani yangu na kukatiza uwanja mbio. Kumbe kengele ya sala! Shule nzima imeganda: huyu mguu juu ya mpira, yule mkono kwenye bomba, maji yanamwagika. Natembea peke yangu, kijiko kinagonga sahani. Katoto ka kike ka darasa la nne, kenye pengo, kakaninong'oneza nisimame, inasaliwa Malaika wa Bwana. Nikasimama na sahani yangu. Sala ilipokwisha uwanja mzima ulinicheka, na tangu hapo naitwa Mjomba Sahani.

Kesho yake kengele ilinikuta nimeshasimama. Tulipofika kupiga plasta nje ya dirisha la darasa la nne, mkono ulikuwa ukutani, sikio limo ndani, Sista anafundisha dini. Siku aliyouliza kwa nini Mungu alituumba, fundi alinifokea kwamba ukuta wangu umeota kitambi. Nikaona afadhali niingie. Sista alisema watu wazima hufundishwa Jumamosi, nami nikamwambia Jumamosi tunamwaga zege. Akamwendea Padri, akarudi na jibu kwamba niingie, ila ninawe miguu kwanza. Basi jioni, watoto wanaporudi kufundishwa dini, nakaa dawati la nyuma, magoti yananigusa kidevu, na yule mwenye pengo ndiye anayenisikiliza sala. Nikikosea ananirudisha mwanzo, na kuniambia kwamba hata mdogo wake wa chekechea anaijua hiyo.

Sasa mama, sikia lililonifanya niandike. Juzi Padri alinihoji mwenyewe, akaridhika. Nitabatizwa mkesha wa Pasaka, pamoja na watoto wanane wa darasa langu. Haya, nimesema.

Najua marehemu baba alivyosema, kwamba magoti ya maskini ni ya kazi tu, na najua ulilishika neno lake hata baada ya kumzika. Simpingi baba. Haya magoti yangu yamefanya kazi. Ila kila saa sita, kengele ikilia, hakuna anayenituma wala anayenifokea. Fundi mwenyewe ananisubiri. Sijawahi kuwa na dakika kama ile, mama, tangu unizae.

Padri amesema mtu mzima haombi ruhusa ya mzazi. Nimemjibu siombi ruhusa, naomba jina. La kwanza ulinipa wewe, na la pili sitalipokea kwa mwingine. Sista anatania kwamba nikikosa jina atanibatiza Sahani, ingawa mtakatifu huyo hajapatikana bado. Mwombe jirani yetu anayesali akutajie majina ya watakatifu, uchague linalokaa vizuri mdomoni mwako, maana wewe ndiye utakayeniita. Usiponitumia, nitaelewa. Sitabatizwa, nitaendelea kusimama uwanjani na sahani yangu, na sitakununia.

Wasalimie majirani, na umwambie shangazi nimepokea salamu zake. Kazi hapa inaisha wiki ya Pasaka. Jumamosi inayofuata, jioni, nitakuwa mlangoni kwako. Nikibisha hodi usiulize ni nani. Niite kwa majina yote mawili.

Ni mimi,
kifungua mimba wako