Kaseti ya Marehemu Hhando

Katesh, Hanang,
Jumapili, 18 Mei 2025

Mpendwa Baba Mdogo Benedict,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na joto la Mtwara mmeshalizoea, au Mama Mdogo Fabiola bado anaisifia baridi ya Katesh, ambayo alipokuwa hapa aliilalamikia kila siku? Sisi hatujambo. Mama yuko Nambis, mzima, ila anasema umemsahau.

Klabu yako ya Commodore, zile kompyuta za zamani zinazosoma kaseti, bado ipo. Tunakutana kila Jumamosi kwenye stoo ya shule, tumebaki tisa. Kompyuta tatu zinawaka, ya nne tumeifanya spea. Isidori wa Haydom ametuletea televisheni nyingine ya chogo, ameipakata kwenye basi mpaka hapa ikiwa imefungwa blanketi. Watu wanatucheka kwamba tunachunga ng'ombe waliokwisha kufa. Waache wacheke.

Ningeweza kukupigia simu, lakini ninalotaka kusema siwezi kulisema huku nikikusikia ukipumua. Naona haya.

Unaikumbuka kaseti ya marehemu Hhando, yenye mchezo alioutunga mwenyewe, wa kuchunga ng'ombe kuzunguka mlima fisi wasiwale. Siku unahama ulivunja vile vipande vidogo vya mgongoni ili isirekodike tena, ukanikabidhi ukisema kisirekodiwe kitu juu yake, hata Injili. Mjane wake, Oliva, alikuwa haachi kuja. Hachezi. Alikuwa anakaa kwenye benchi, anasubiri mpaka maandishi yatokee: Mtunzi ni Hhando, mchungaji. Akishasoma anatuaga, anakwenda zake sokoni.

Pasaka kwaya walinipa ubeti wa kuimba peke yangu. Mama alitaka kunisikia, na unaijua redio yake, ni ya kaseti. Katesh nzima nimezunguka, kaseti tupu hakuna. Nikachukua ya Hhando, nikaziba tundu kwa selotepu, nikarekodi, nikijiambia upande wa pili hauna kitu. Sikuangalia ni upande upi. Sifa zilinitia haraka, Baba Mdogo.

Nilipogundua nimeufuta mchezo, niliirudisha kwenye boksi nikanyamaza. Jumamosi iliyofuata Sulle, fundi redio wetu, aliiweka kwenye mashine ya kompyuta ya kusomea kaseti. Mashine ile haitoi sauti, kwa hiyo hakuna aliyesikia kwaya. Skrini ilibaki tupu. Oliva alisubiri mpaka tukaanza kukwepa kumtazama.

Hapo ndipo nilipofanya baya kuliko lile la kwanza. Nilisema mbele ya wote kwamba huenda mashine imeiharibu kaseti, maana Sulle ndiye aliyeisafisha mashine wiki ile. Evarist, mwanachama mwenzetu, akamwambia amemzika Hhando mara ya pili. Sulle aliomba tu kaseti akaitazame nyumbani, na hajarudi klabuni tangu siku hiyo. Oliva naye haji. Wiki tatu watu wamemsema Sulle, na mimi mwenyekiti nimeitikia kwa kichwa.

Leo baada ya misa Sulle amenipa kaseti ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Alinisalimia, akauliza habari za mama, akaondoka. Nyumbani nimeiweka kwenye redio ya jirani. Sauti ya kwanza ni yangu: "Mama, ni mimi Scola. Usikilize ubeti wa pili." Kumbe Sulle amejua tangu siku ya kwanza. Wiki tatu ameitwa mharibifu, na sauti yangu iko ndani ya nyumba yake.

Jumamosi nitaicheza kwenye redio hiyo mbele ya wanachama wote. Kesho naenda kwa Sulle kumwomba radhi, kisha kwa Oliva kumwomba aje.

Uliwahi kusema Hhando alikupa nakala, iko kwenye sanduku lako la bati. Itafute, tafadhali. Lakini ukiipata usiitume wiki hii, wala usinipigie kuniambia ipo. Nikijua ipo nitakwenda Jumamosi nimeishika mkononi, na wote watafurahi, na mimi sitasema neno. Najijua.

Msalimie sana Mama Mdogo na mdogo wangu Brightness. Mungu awatunze na akuponye goti.

Ni mimi binti yako, nikupendaye hata leo nisipostahili kukuangalia usoni,

Scola