Mama Bahati Akilima, Musikimbie

Shemeji Bahati,

Kwanza usikasirike. Nimefungua tumbo la ndege yako. Najua ulinikataza hata kuigusa, ulisema vidole vya muntu wa Butembo vinajua kupima chumvi tu. Lakini batri uliyoiacha ndani ilikuwa imevimba kama beignet mu mafuta ya moto, na ningeiacha ingepasuka na kuunguza frigoliti yote ya mabawa. Nilikata waya zako moja moja, Furaha dada yako akinishikia tochi. Nilipoona vile ulivyofunga kila waya kwa kipande cha mpira wa gurudumu, safi, kama muntu anayefunga kitovu cha mutoto, nilishindwa kuendelea. Nikatoka inje kwanza.

Nakuandikia hapa Pinga, dukani, kati ya anayetaka chumvi na anayetaka sabuni. Nimerudi kutoka Burungu, kwa Mama yako. Acha nikuelezee kwa utaratibu, maana weye ulipenda mambo kwa utaratibu.

Tangu figo zikuondoe, Mama hakulima. Wakati wa matanga hakuna aliyeshangaa, majirani walimulimia kidogo. Lakini matanga yakaisha. Wamama wakamunyoa, wakamuogesha, wakamutia jembe mukononi ili arudie maisha. Akalipokea, akasema aksanti, akaliegemeza ku ukuta. Mvula ikaanza. Shamba la kila muntu likageuka jeusi, la kwake likaota majani. Mbegu za maharagi zikaanza kutobolewa na wadudu mu kikapo. Yeye anakaa ku mulango tangu asubuhi, anaonja chakula kama anayeonja dawa, na ukimusemesha anajibu jambo moja tu: "Nitamulimia nani?" Shemeji, niliogopa. Niliona anakufuata polepole, bila kelele, na sisi tunamutazama tu. Furaha alilia mpaka akaniambia, "Kambale, weye njo unajua kuuza kila kitu, muuzie basi mama yangu sababu ya kuamuka."

Njo nikafikiria ndege.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilikuwa nakuletea parasolier kutoka pori la Walikale, ule muti mwepesi ambao hata mutoto anabeba gogo lake, nimeufunga kando ya pikipiki, Pinga mpaka Burungu. Ku kila barrière ya njiani wenye bunduki wananiuliza jeneza ni la nani. La kuku, nawajibu. Moteri niliipata Butembo kwa mupiga picha wa harusi. Drone yake iliangukia mu sufuria ya mboga ya sombe mbele ya bibi harusi, akaapa hataki kuiona tena. Telekomandi ya kuiongoza ilitoka China, ndani ya katoni ya tochi za rafiki yangu mufanyabiashara. Weye ukachonga kiunzi kwa wembe, ukakata mabawa ku frigoliti, ile nyeupe inayolinda televisheni mu katoni. Ukatia zile moteri ndogo za kugeuza mukia. Halafu ukaanza kusogeza batri, mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka ndege ikakaa sawa juu ya vidole vyako viwili. Nikakuuliza hiki kitu ni cha kazi gani. Ukajibu, "Ni cha kuruka."

Na siku ya kwanza iliporuka, eh, Mungu wangu. Moteri ya drone inalia kama drone, hatukufikiria hata kidogo. Sisi tunaruka-ruka kwa furaha pale juu ya mulima, na huku chini bonde lote linakimbia. Wamama walitupa majembe, wakashika watoto, wakaingia mu mihogo. Huku kwetu sauti ya juu haileti pipi, inaleta bomu, shemeji, unajua. Uliishusha ndege, ukakaa chini, ukalia. Ukaitundika ku ukuta, ukasema hutarusha tena kitu kinachokimbiza mama wa watu.

Mama yako njo aliyeitoa ku ukuta. Alikuja nayo ameikumbatia kama kuku, akakuambia, "Mimi nitakuwa ku shamba. Batu banitazame mimi." Akavaa kitenge, kile kikwembe chake cha njano, akasimama katikati ya shamba lake pale mahali bonde lote linamuona, akalima. Ndege ikalia, watu wakashtuka, wakamutazama. Mama hakuinua hata kichwa. Jembe juu, jembe chini. Mumoja akasimama, mwingine akacheka, wakarudi ku kazi zao. Kuanzia hapo ikawa kawaida ya Burungu, sauti ikisikika, muntu anatafuta ile njano kwanza: "Mama Bahati analima? Basi, musikimbie. Ni ya Bahati." Weye ulimuita tour de contrôle yako, munara wako wa kuongoza ndege. Hukuwahi kurusha bila kupita kwake kuomba ruhusa, na yeye alijifanya kama unamusumbua, lakini kikwembe kilikuwa kimekunjwa tayari.

Mimi mara moja tu ulinipa telekomandi, na niliipeleka ndege moja kwa moja ku mbavu za ng'ombe wa jirani. Ulicheka mpaka ukalala ku majani. Mwenye ng'ombe njo hakucheka.

Sasa uone wazimu wangu. Hapa Pinga nilitafuta ordinateri ya kukunja iliyokufa, nikatoa zile pile za batri yake ambazo bado zina uhai, fundi wa simu akaniungia tatu pamoja, nikazichaji ku panneau ya jua ya duka. Nikafika Burungu. Nikapita kwa chefu wa kijiji, naye akawaambia wenye bunduki. Nikapita nyumba kwa nyumba: kesho mutasikia sauti, ni ndege ya marehemu Bahati, musiogope. Wote wakaitika vizuri. Ni Mama peke yake sikumuambia. Niliogopa atakataa, na akikataa mimi sina dawa ingine.

Asubuhi Furaha alishika ndege juu ya kichwa, akakimbia, akaitupa vile ulivyomufundisha. Ikapanda, shemeji! Ilipanda ikiyumba kama mulevi, lakini ilipanda. Na moteri ikalia.

Sikio lilikuwa limesikia habari, lakini muguu hauna masikio. Niliona watu wananyooka mu mashamba. Wote walitazama upande mumoja, shamba la Mama. Halikuwa na muntu. Mama mumoja mwenye mutoto mugongoni akaanza kukimbia, na wengine nyuma yake. Nikasema, Kambale, umefanya nini? Nilitaka kuishusha, vidole vikakataa. Furaha akapiga kelele jina la Mama, na mimi nikaanza kukuita weye, kama mupumbavu, mbele ya watu.

Halafu akatoka.

Hakuwa na kikwembe cha njano. Alitoka na gauni yake ya nyumbani, kichwa wazi, nywele ndio zinaanza kuota. Alikuwa na jembe. Alitembea haraka kuliko nilivyowahi kumuona, mpaka katikati ya yale majani marefu, akainama, akapiga ardhi. Jembe juu, jembe chini. Hakuinua kichwa. Yule mama mwenye mutoto akasimama. Wakasimama wote. Kutoka kule mulimani niliona mabega ya Mama yanatetemeka, alikuwa analia, lakini jembe halikusimama. Na mimi nikalia, na ndege ikazunguka peke yake juu yake, sijui nani alikuwa anaiongoza maana si mimi.

Niliishusha vibaya. Bawa la kushoto limevunjika, usiniulize. Moteri ilinyamaza, watu wakarudi ku kazi, na Mama akaendelea kulima. Alilima mpaka mwisho wa musitari, akarudi, akaanza mwingine. Baadaye akanyoosha mugongo akamuita Furaha: "Lete mbegu. Chagua zile hazijatobolewa."

Jioni alikula. Alikula bugali na maharagi, akaomba tena. Halafu nikasimama kuaga. Hapo akanitazama vile alivyokuwa anakutazama weye.

"Kambale, weye unarusha vibaya. Siku ingine uniambie mapema, nivae kikwembe changu."

Basi, shemeji, pumzika. Najua nikifika huko utanicheka, utasema nimeanza kumuuliza Petro wa mulango wa mbinguni bei ya funguo zake. Ucheke tu, nimekosa sana kicheko chako. Wiki ijayo napita porini kutafuta parasolier ya lile bawa, na nitajifunza kushusha.

Na Mama nitamuambia mapema.

Shemeji yako,
Kambale