Mjomba amekwisha kunywa kahawa

Ibra, Ijumaa, Julai 2007

Joto la leo halina adabu. Tangu alasiri nazunguka humu ndani, nakaa, nasimama, mpaka mke wangu ameniuliza kama nimepoteza kitu.

Wiki hii nimeanza kazi ya ujaji. Zamani nilikuwa wakili, kisha watu wa hapa Ibra wakanipigia kura kunipeleka Shura, bunge letu.

Nasoma maisha ya Mmarekani mmoja wa enzi zile nchi yao ilipokuwa bado changa. Naye alikuwa wakili, akaingia bungeni, akaishia kuwa jaji. Mwandishi anamtoa bungeni na kumfikisha mahakamani kwa ukurasa mmoja tu, kama mtu aliyebadilisha kanzu. Hasemi hata kidogo jamaa zake walimfanyaje.

Wangu ameshakuja. Mjomba Seif, aliyenilea tangu tuliporudi huku kwa mababu kutoka Unguja, alifika leo baada ya sala ya Ijumaa. Nilimwamkia, nikammiminia kahawa. Akakiweka kikombe chini bila kuonja. Hapa kwetu kila mtu anajua maana yake: mgeni ana haja, na hanywi mpaka mwenye nyumba amkubalie.

Nami nina mazoea ya Shura, kila anayekuja namkubalia kwanza, namuuliza baadaye. Nikamtamkia neno letu la kukubali:

"Abshir, mjomba. Haja yako imekwisha. Kunywa."

Akanywa. Ndipo akaitaja. Anagombania zamu ya maji ya falaji, mfereji unaonywesha mashamba yetu, na mjane jirani yake, na kesi yao iko mezani kwangu.

Mjinga mimi.

Nilimweleza kwamba neno lilinitoka tu, kwamba jaji hawezi kuahidi. Hakupandisha sauti.

"Kwani kura zetu tulimpa nani, mwanangu?" aliuliza, akaenda kuvaa viatu.

Kinachonikera zaidi ni hiki: nimesoma maelezo ya pande zote mbili, na naona haki ni ya mjomba. Angekaa kwake, angeipata kutoka kwangu na mimi ningelala vizuri. Sasa hata nikimpa iliyo yake, mjane atasema nilikwishaahidi, na atakuwa anasema kweli.

Kesho asubuhi nitaomba kesi apewe jaji mwengine. Halafu nitakwenda kwa mjomba, nimwambie mwenyewe kwamba neno nililompa nimelivunja.

Aliyenifundisha kutimiza neno ni yeye.