Kikombe cha Kifuu

Barking, London, 4 Februari 2024

Mama mpendwa,

Habari za huko? Goti la Baba limepata nafuu? Mimi ni mafua ya baridi tu.

Nimemaliza kile kikombe: kifuu cha nazi kilichovishwa fedha, kama vile vikombe matajiri wa Ulaya walivyonywea divai enzi za Renaissance, miaka mia tano iliyopita. Nakshi nimeitoa kwenye mchoro wa fundi Mjerumani wa zama hizo: mizabibu inayojisokota, nyuso zinazotoa ndimi, samaki wenye mabawa. Sijawahi kuchonga kitu kizuri hivyo.

Lakini jana Jules, mwenye karakana, aliniambia nikifukize moshi na nisugue ukingo uchakae. "Usitie alama yako," akasema. Anataka kukiuza kama cha kale. Na viza yangu inamtegemea yeye. Nifanyeje?

Mwanao, Mwende

Wamunyu, 17 Februari

Mwende wangu,

Sisi tu wazima, goti tu ndilo linasumbua. Nyamaza, mwanangu. Anayeuza si wewe. Baba yako amechonga twiga maisha yake yote bila kuuliza wanunuzi huambiwa nini. Inama, usubiri viza mpya. Nakusihi.

Mama yako

Edmonton, London, 9 Machi

Mama,

Natumai mmeamka salama. Nilikutii, nikakifukiza. Alhamisi akaja mnunuzi, mama mmoja anayeitwa Kalpana. Jules akaniita nimimine chai. Kalpana alikizungusha kikombe, akapitisha kidole juu ya zile nyuso, kisha akaniuliza, "Unadhani fundi huyu alikuwa mtu wa namna gani?"

Jules alinikazia macho. Nikaweka birika chini.

"Ni mimi," nikasema.

Kalpana akakiweka chini polepole, akachukua mkoba wake, akaondoka. Jules hakupiga kelele. Alinifungulia mlango, akasema nisirudi, na watu wa uhamiaji kule Croydon watajua siku hiyo hiyo kwamba sina kazi. Nalala kwa Wambui, niliyesoma naye. Nisipopata mwajiri mwingine, narudi nyumbani. Mwambie Baba. Nijibu, hata kwa kunigombeza.

Mwende

Wamunyu, 26 Mei

Mwende,

Sijui nikusalimu vipi. Hii nakutumia kwa simu, posta haitakuwahi. Barua zako zote nilizipata. Hasira ndiyo iliyonifunga mkono. Ile ya jana, kwamba kazi umekosa na unasafiri Jumamosi, nimemsomea baba yako. Hakusema ulikosea, hakusema ulifanya vyema. Aliweka patasi chini.

Leo alfajiri amevaa koti la kanisani akaondoka. Amenipigia simu sasa hivi: yuko Embakasi, uwanja wa ndege, anauliza walinzi abiria wa London hutokea mlango upi. Nikamwambia, leo ni Jumapili, mtoto anakuja Jumamosi.

"Najua," akasema. "Sitaki siku hiyo nipotee."

Mama yako