Majibu ya Mzee Gaudensi

Jumatatu, 3 Juni

Majalada kumi na tisa kabla ya chai. Baridi kali, vidole vimekufa ganzi. Dada Atu kapita dirishani kwangu na koti jipya. "Kaka Deo, Jumatano unanitafsiria tena, eeh?" Nikasema ndiyo. Mimi husema ndiyo kila mara.

Hospitali nzima humwita Daktari Atu. Si daktari. Ni mwanasaikolojia, kaja mwaka jana kutoka Mbeya, Kifipa hajui hata salamu. Ameanzisha kliniki ya wazee na sasa Mganga Mfawidhi anamtaja katika kila kikao. Redio imemhoji. Wazee wenye huzuni, wazee wanaosahau, wazee wasiopata usingizi: wote wake. Ila maneno yao yanapita mdomoni mwangu kwanza. Hilo redioni halikutajwa.

Mimi kwenye fomu ya chuo nilijaza saikolojia chaguo la kwanza. Nikapangiwa utunzaji wa kumbukumbu. Karani wa masjala.

Namwonea wivu. Nimeandika ili lisinizunguke kichwani.

Jumatano, 5 Juni

Wazee sita. Wa mwisho Mzee Gaudensi wa Mwazye, kaletwa na mwanawe Remi, mwenye duka Majengo. Remi anasema baba amechanganyikiwa. Anataka barua ya hospitali aipeleke kwenye kikao cha ukoo, shamba liwe mikononi mwake na mzee ahamie mjini, chumba cha nyuma ya duka.

Dada Atu akamtoa Remi nje, akaanza maswali yake. Huu mwezi gani? Mzee akajibu kwa Kifipa, taratibu. Maharage yameshang'olewa juu ya ntumba, yale matuta yetu ya kufukia majani. Majani ndani yameoza nusu. Upepo wa kiangazi umeanza wiki iliyopita. Mwaka gani? Wa tatu tangu amzike mkewe. Akataja na siku, Alhamisi, asubuhi. Hakubabaika hata kidogo.

Dada Atu akanitazama, kalamu tayari.

Nikasema, "Mwezi hajui. Anazungumzia shamba."

Sijui kwa nini. Hapana, najua. Nilitaka akosee. Mara moja tu, akosee na ionekane.

Akaandika. Mzee akanitazama kidogo. Maswali yaliyobaki aliyajibu kwa neno moja moja.

Alhamisi, 6 Juni

Majalada manne tu kutwa. Sijala.

Ijumaa, 7 Juni

Barua ya mzee imefika masjala nipige muhuri. "Ana dalili za kupoteza kumbukumbu na anahitaji uangalizi wa karibu." Imeandikwa vizuri. Hata hapo nikaona wivu.

Halafu habari: Dada Atu ameitwa Dodoma kueleza kazi yake na wazee. Ofisi nzima ikapiga makofi. Nami nikapiga. Akanishika bega mbele ya wote: "Bila huyu mimi ni kiziwi hapa Ufipa." Wakacheka.

Remi anafuata barua Jumatatu. Nimeifungia kwenye droo.

Nikisema, nafukuzwa. Nikinyamaza, mzee anapoteza shamba akiwa na akili zake timamu.

Jumatatu, 10 Juni

Remi kaja saa tatu. Nikamwambia barua haijasainiwa. Uongo mwingine. "Nyie watu wa ofisi mnapenda tuwapigie magoti," akasema. "Mzee nimeshamleta kwangu. Kutwa anaota moto uani, anauliza basi la Mwazye linaondoka saa ngapi. Nitamjibu nini?"

Kumbe ameshamhamisha. Hakungoja hata barua.

Mchana nikaenda chumbani kwa Dada Atu. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Wangapi wengine?"

Sikuwa nimejiuliza. Nikamtajia wawili ambao majibu yao pia niliyapindisha. Kisha nikamkumbuka wa tatu.

Alikuwa na karatasi za Dodoma mezani. Akazikusanya, akazigeuza kifudifudi. "Nenda ukafanye kazi, Deo." Neno "kaka" halikuwepo.

Jumatano, 12 Juni

Anayetafsiri sasa ni Mama Yustina, mfagizi wa wodi. Kati ya masjala na kliniki kuna ukuta wa mbao tu. Nasikia kila kitu. Hatafsiri vizuri, anaongeza na ya kwake. Anamwambia Mzee Gaudensi, aliyeitwa kupimwa upya, "Babu, jibu basi, mwenzio nina kudeki huku!" Wanacheka wote watatu. Katika miezi yote ile, mimi sikumchekesha mzee hata mmoja.

Namwonea wivu mfagizi. Ndivyo nilivyo.

Mzee kajibu yote. Barua ya kwanza imechanwa. Dada Atu kamwita Remi, wamekaa saa nzima mlango umefungwa. Remi alipotoka hakunitazama.

Ijumaa, 14 Juni

Onyo la maandishi. Nimelisajili mwenyewe kwenye jalada langu. Kazi ninayo, kliniki sikanyagi tena. Dada Atu ameomba Dodoma wamsubiri hadi wale watatu wapimwe upya. Barua za kuwaita nimeziandika asubuhi. Mbili zinakwenda kijiji cha Muze.

Saa tano Mzee Gaudensi kaja dirishani kuchukua barua yake mpya. Leo anarudi kwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Halafu akasema kwa Kiswahili, polepole lakini kilichonyooka, kwamba siku ile alisikia nilichomwambia yule dada.

Nikauliza mbona hakusema.

"Nilidhani ndivyo karatasi inavyotaka, mwanangu."

Nikamsogezea kitabu asaini kuwa amepokea. Akaandika jina lake lote, herufi kubwa, bila kuinua mkono, akapuliza wino ukauke.