Kengele na Pampu ya Maji

Ami Salim,

Kengele yako imepona. Nakuandikia wewe kwanza, maana hapa dukani sina mwingine wa kumwambia. Nimeitia kapasita mbili za kunyonya kelele za umeme, nimefupisha waya, kisha nikaiwekea ubavuni ile drili yako kuukuu itoayo cheche, nikaibonyeza mpaka redio ya jirani ikakoroma. Kengele haikulia. Nililia mimi.

Miaka saba ulinifundisha kazi ya kutengeneza vifaa vya umeme hapa Kibokoni, na hakuna kifaa kilichotoka mlangoni bila kupitia drili hiyo. "Kiwashie drili, Zuhura, twone kama chababaika." Hata vipaza sauti vya msikiti hukuvisamehe.

Kifaa chako ndicho nilichokisamehe mimi. Ulipolala kitandani kwa maradhi nilikutengenezea kengele, ubonyeze kitufe huko juu chumbani, ilie huku chini kwangu dukani. Siku naimaliza, drili iko mkononi, adhana ya alasiri ikaanza. Hukutaka drili wakati wa adhana, nikaiweka chini. Nikaswali, nikarudi, nikaifunga kengele ukutani. Drili sikuishika tena.

Basi kila pampu ya maji ilipowaka pale chini ya ngazi, kelele za umeme za mota yake ziliingia kwenye saketi, kengele ikalia yenyewe. Mara ya kwanza nilipanda mbio, nikakukuta umelala. Ya pili na ya tatu ukanicheka, "Si mimi, mwanangu. Ni maji hayo." Nikasema Jumamosi nitaitengeneza.

Ijumaa ikalia, na pampu inaunguruma. Sikupanda. Nilimaliza kulehemu waya niliokuwa nao, nikanywa na chai.

Mkeo, Bi Mwanaisha, aliporudi sokoni ndiye aliyekukuta, kidole kingali kwenye kitufe. Aliniuliza jambo moja tu, kama nilisikia chochote. Nikasema sikusikia, Ami. Nilimwambia hivyo, naye akanishukuru kwa kukutunza.

Tangu siku hiyo naisikia. Naisikia nikiwa na wateja, naisikia nikiwa nimeichomoa na betri iko mfukoni mwangu. Napanda mpaka mlango wa chumba chako, naona kitanda kimetandikwa, nashuka. Bi Mwanaisha hunitazama kutoka jikoni.

Mola akupe usingizi ambao hakuna kengele ya kuukatiza. Nakuahidi, adhana ikiisha nitairudia drili, kwa kila kifaa, mpaka mikono yangu ichoke.

Pampu imewaka sasa hivi. Kengele iko kimya mbele yangu, nami naisikia. Napanda, Ami. Leo sitaishia mlangoni kwako, nitakwenda jikoni nimwambie.

Zuhura