Besi ya Papa Swedi

Baraka, Jumatatu

Mama yangu,

Pokea salamu zangu mimi mwanao Asukulu. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Na mdogo wangu Neema, bibi arusi wetu, bado anajinyima chakula ili gauni limwenee? Mimi mwili hauna neno. Barua hii nimempa mama mmoja mchuuzi wa dagaa anayepitia Kazimia kuja huko Kalemie. Mpe maji ya kunywa, lakini usimpe habari zangu, atazitandaza bandari nzima.

Uliniuliza kama nitafika na orkestra kwa arusi ya Neema. Nitakujibu, ila kwanza nikueleze yaliyompata Papa Swedi, mpiga besi wetu, kwa sababu jibu limo humo.

Ni yule mzee niliyekuandikia kwamba anakula ugali wa watu wawili. Desturi unaijua: mwenye kuwaita wapiga muziki, kwa arusi au kwa matanga, huwalisha kwanza, ndipo waunganishe nyaya. Papa Swedi akimaliza sahani yake alikuwa anaanza kuangalia yangu. Tulimcheka sana kwa tumbo lile. Lakini akigusa besi kwenye spika letu kubwa la mbao, hata wazee waliokuja wamenuna walitikisa mguu. Sauti ilikuwa inakuingia kifuani na kukaa.

Shida, spika lile lilikuwa zito kama laana. Lilitaka jenereta, lilitaka wanaume wanne, lilitaka boti. Kwenye barabara ya kupanda Fizi lilituangusha matopeni pamoja na pikipiki, na kwenye kila kizuizi askari walitaka kujua ndani ya sanduku mna nini. Kwa hiyo simlaumu Wilondja, mkuu wetu, kwa kuchoka. Hata mgongo wangu ulimshukuru aliporudi kutoka Uvira na kinanda cha umeme, kitu ambacho mtu anakipakata kwenye pikipiki. Ngoma zimo ndani, filimbi imo ndani, betri imo ndani.

"Iko mwepesi, iko na kila kitu," alituambia. "Bantu ba arusi banataka kucheza tu. Hakuna mwenye anakuya kupima sauti na kilo."

Kisha akatuomba, mimi na Papa Swedi, tupige nyimbo zetu zote ziingie ndani ya kinanda, ati zisipotee tukifa. Mzee alikuja amevaa koti lake la ndoa. Alipiga tangu asubuhi, na akikosea kidogo aliomba radhi na kurudia wimbo mzima. Wilondja alimsifu hadi mzee akalengwalengwa na machozi. Tulipomaliza, Wilondja akakitia kinanda kwenye begi lake, akafunga zipu na kusema, "Papa, sasa pumuzika." Sisi tulidhani anamaanisha siku ile.

Hakuitwa tena. Mimi nilibakizwa kwa ajili ya sura, maana watu wanapenda kuona kijana ameshika gitaa mbele yao. Waya wa gitaa langu unaishia mfukoni mwa suruali. Napitisha vidole juu ya nyuzi, kinanda kinapiga, watu wananishangilia. Hilo usimwambie mjomba.

Siku moja tulikuwa kwenye arusi hapa hapa Baraka. Papa Swedi alikuwa anapita kutoka ziwani, akasikia besi yake ndani ya ua. Akasimama mlangoni akisikiliza.

"Ile ni mi," akamwambia aliyekuwa anapokea wageni. "Lakini nimekonda."

Na alisema kweli, kwa sababu vile vispika vidogo vilikuwa vimebakiza mlio mwembamba tu, kifua hakuna. Basi, kwa vile alijisikia anapiga, mzee akaingia, akaenda moja kwa moja kwenye mkeka wetu, akanawa mikono na kungoja sahani. Kwa akili yake alikuwa kazini.

Wilondja ndiye aliyemwinua. "Papa, we hauko tena mu orkestra."

"Sasa nani anapiga besi?" mzee akauliza.

Wageni walicheka hadi wakashika mbavu. Na mimi nilicheka, Mama. Papa Swedi aliondoka na mikono yake ingali inachuruzika maji.

Homa ilimchukua mvua zilipoanza. Wilondja akajitolea kupiga kwenye matanga bila malipo, na watu wakamsifu kwamba ana utu. Alibonyeza ule wimbo wetu wa kumsindikiza marehemu, na besi ikaingia. Mama Swedi alikuwa ameketi chini kando ya jeneza la mume wake. Akainua kichwa. Yeye aliisikia mikono ile nyumbani kwake tangu ujana, hakuhitaji mtu wa kumwambia ni ya nani. Alisikiliza hadi wimbo ukaisha. Wanawake walipoleta chakula chetu, aliinuka, akaweka kiganja chake juu ya sahani.

"Wilondja," akasema, "mikono yake mulibakisha. Tumbo ndiyo mulifukuza. Leo na nyinyi hamutakula hapa."

Sahani zilirudishwa jikoni. Tulipokuwa njiani Wilondja alisema huzuni huwapa wajane maneno mengi, halafu akaongeza kwamba besi ilitoka safi.

Sasa jibu lako. Jana aliniambia kwamba kwenye boti ya Kalemie amechukua nafasi mbili, yake na ya mwimbaji. Kinanda atakipakata.

"Na mi?" nikamwuliza.

"Gitare yako iko ndani tayari. Dada yako atacheza tu."

Nikamwambia ile ni arusi ya nyumbani kwetu, mama yangu ananingoja.

"Njo maana," akasema. "Mama yako atapikia bantu kidogo." Ati anakupunguzia watu wa kulisha.

Nauli ya kwenda peke yangu sina. Namchukia mtu huyu, Mama, nakuambia wazi. Na kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba siku ile ya kuingiza nyimbo nilipiga vizuri, nilipiga kama nilivyofundishwa na baba. Ningejua ningeharibu kila wimbo.

Nisalimie mjomba fundi wa cherehani, shangazi muuza samaki wa mukeke, na yule jirani anayekuchotea maji goti likikuzidi. Neema mwambie kwamba akiingia na bwana wake, gitaa atakalosikia ni la kaka yake. Asinitafute kwa macho katikati ya watu, ataharibu uso aliopakwa.

Wewe, Mama, nakuomba jambo moja. Siku hiyo nipakulie sahani yangu, ugali na samaki mzima, uijaze, uiweke kwenye mkeka mbele ya Wilondja. Akinyoosha mkono, umzuie. Mwambie: "Acha, hii iko na mwenyewe. Hausikii anapiga?"

Mwanao,
Asukulu